Kistari cha Kumi na Tatu

Kwa miaka kumi na moja, kila neno lililosemwa katika sinema za kampuni ya Korongo Mweupe lilipita mkononi mwa mtu ambaye mwenyewe hakuwa na wa kuzungumza naye. Qiu Yanting alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuandika kadi. Mwigizaji akishafungua kinywa, picha hukatwa, ikaja kadi nyeusi yenye maneno meupe, watu wakasoma, kisha picha ikaendelea. Sinema za Shanghai zilikuwa bado bubu mwaka ule wa 1930, ingawa majumba mawili ya katikati ya mji yalikwisha wekewa vipaza sauti, na watu walikuwa wakijipanga foleni kusikiliza Wamarekani wakiimba kwa lugha wasiyoijua.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi, ukuta mmoja na chumba cha kusafishia filamu, na dawa zilinuka humo mchana kutwa. Alikoroga unga mweupe kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, akaandika kwa brashi ya manyoya juu ya bamba jeusi lenye upana wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Alikuwa na kanuni zake, ambazo hakuna aliyemwuliza. Kadi isizidi herufi ishirini na nane, na herufi moja ya Kichina ni neno zima. Maneno ya ugomvi yaandikwe kwa brashi iliyoshiba rangi. Ya msiba, kwa brashi iliyokauka, mpaka weusi wa bamba uonekane ndani ya weupe. Na kadi ikae machoni pa watu kwa muda unaomtosha msomaji mzito kuliko wote ukumbini. Muda huo aliupima kwa kujisomea kila kadi kimoyomoyo, polepole, huku midomo yake ikicheza na saa ikiwa mezani.

Mke wake alikuwa amekufa kwa kipindupindu miaka tisa iliyopita. Mwanawe wa pekee alikuwa Semarang, ng'ambo ya bahari, na kila mwaka mpya alituma kadi ya salamu iliyochapwa kiwandani, yake mwenyewe ikiwa sahihi tu. Qiu alipanga chumba kidogo juu ya jiko la watu, akanunua uji wake asubuhi kwa kunyoosha vidole viwili, na siku nyingine alimaliza mchana mzima akiwa amesema maneno machache kuliko yaliyomo katika kadi moja.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili alasiri alikwenda Jumba la Mbalamwezi na kukaa katikati ya viti vya bei ya chini, mahali ambapo asiyejua kusoma hukaa karibu na anayejua. Kadi ilipotokea, waliojua waliisoma kwa sauti kwa ajili ya mama zao, wake zao, majirani wasiowajua. Sauti mia mbili au tatu, hakuna inayokwenda sawa na nyingine, zilipanda kutoka gizani kama maji yanayoanza kuchemka. Qiu aliyasikiliza maji hayo. Alisikia zinavyokazana kwenye brashi iliyoshiba na zinavyolegea kwenye iliyokauka. Mara moja, katika picha ya mjane na mahakama, aliwahi kuandika neno moja kwa brashi iliyokuwa karibu kukauka kabisa, na ukumbi mzima ulipolifikia ulisita. Hakumweleza mtu jambo hilo. Lakini aliporudi chumbani kwake jioni ile alipika vyakula viwili.

Mwezi wa Juni aliletewa maneno ya picha mpya. Yalikuwa yameandikwa na Bi Ruan Suwen, msichana wa miaka ishirini na mitano aliyesomea chuo cha ualimu na kuandika kwa kalamu ya wino wa ndani. Kadi mia moja na kumi na mbili. Shujaa wa kike, binti wa mtengeneza miavuli, aliitwa Yun.

Herufi ya Yun ina maana ya ganda la nje la mwanzi. Huandikwa kwa vistari kumi na tatu, kila kistari mpito mmoja wa brashi. Nayo ilikuwa jina la baba yake Qiu.

Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini karibu na Jiaxing, na ndiye aliyempa brashi ya kwanza. Tangu azaliwe Qiu hakuwahi kulitamka jina lile, wala kuliandika likakamilika. Mtoto hamwiti baba yake kwa jina, awe hai, awe amekufa. Likimjia kwenye maandishi, huacha kuweka kistari cha mwisho, na anayesoma huelewa kwamba hapo pana mtu wa kuheshimiwa. Katika kazi ya miaka kumi na moja herufi ile ilikuwa imemjia mara mbili tu. Mara zote mbili aliacha kistari cha kumi na tatu, na hakuna aliyeona.

Safari hii ilikuwamo katika kadi thelathini na nane.

Angeweza kumwendea Bi Ruan tangu Juni amwombe abadili jina. Lakini ili kuomba hivyo, ingembidi alitaje. Alizunguka na jambo hilo siku tatu, akashindwa kupata njia ya kulisema bila kulisema. Mwisho akajiambia kwamba mtu yeyote aliyekwenda shule ataelewa, akakaa akaziandika zote thelathini na nane, kila moja ikiwa na pengo lake dogo chini kulia. Hapo ndipo alipokosea. Watu ambao wangeelewa walikuwa rika la baba yake, nao hawakuwa wakienda sinema.

Mapema Septemba picha ilionyeshwa kwa wenye majumba ili waiagize kwa sikukuu ya mbalamwezi ya vuli. Qiu alisimama nyuma, karibu na mashine. Kwenye kadi ya nne Bwana Mao, mwenye majumba matatu, aliinama mbele. Kwenye ya tisa alicheka.

"Ndugu Fei," alimwambia mwongozaji wa picha, "kampuni imeishiwa rangi? Huyu msichana wenu kila akitajwa ana pengo la jino."

Wengine nao wakaanza kulitafuta pengo hilo, na wakishaliona, hawakuona kingine. Binti wa mtengeneza miavuli aliagana na mchumba wake kituoni, na mstari mzima wa mbele ukawa unahesabu meno.

Fei Zhaolin hakuwa mtu mbaya. Alimwita Qiu ofisini, akamkaribisha chai, akafunga mlango. Aliuliza jina lile limeandikwaje. Qiu akajibu kwamba limeandikwa kama inavyompasa yeye. Fei akaelewa. Babu yake alikuwa mtu wa vitabu.

"Mwalimu Qiu, watazamaji hawamjui baba yako."

"Ndiyo maana sikumtaja."

"Jamhuri ina miaka kumi na tisa sasa. Hata jina la mfalme leo mtu analifungia karanga."

"Mfalme hakuwa baba yangu."

Fei akacheka bila kupenda. Kisha akasema alilomwitia. Picha inafunguliwa sikukuu. Mabango yenye jina la msichana yalikwisha chapwa, kwa hiyo jina halibadiliki. Kufikia Jumamosi kadi thelathini na nane ziwe zimekamilika, la sivyo kadi zote mia moja na kumi na mbili zitapelekwa kiwanda cha uchapaji zikapangwe kwa herufi za chuma.

"Herufi za chuma hazina baba," Fei alisema. "Hazinisumbui."

Ilikuwa Jumatatu. Qiu alirudi chini ya ngazi akakaa mbele ya bamba tupu. Mkono wake ungeweza kukiweka kile kistari katika muda wa kupepesa jicho. Aliishusha brashi mara mbili, na mara mbili akaisuuza. Upande wa pili ilikuwako Jumapili: ukumbi ule ule, sauti zile zile, zikifuata herufi za kiwandani zilizo sawasawa, zisizoshiba wala kukauka. Angekaa katikati yao kama mtu aliyeingia nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Usiku wa kuamkia Jumanne akakumbuka kwamba kuna njia nyingine, ya zamani zaidi. Baba yake alipokufa, Qiu ndiye aliyeandika habari ya maisha yake ya kugawiwa waombolezaji. Kila palipohitajika jina, aliacha nafasi tupu, na rafiki wa familia akalijaza kwa mkono wake. Mwishoni yakaandikwa maneno madogo: fulani amejaza jina. Mtoto anakuwa hakuliandika, na jina linakuwa kamili. Mjazaji wa siku ile alikuwa Ge Boheng, mchonga mihuri, aliyesoma dawati moja na Qiu kwa huyo huyo baba yake.

Jumatano alivuka mto kwenda kwa Ge, ambaye hakuwa ameonana naye kwa miaka miwili. Alimkuta amekaa mlangoni kwenye jua, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichoombwa na jirani akitunze.

"Yanting," Ge alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Bado unawasemea mabubu?"

"Bado."

"Basi nisemee na mimi. Nimeanza kujiunga nao."

Kiharusi kilikuwa kimempiga mwezi wa tatu. Qiu hakuwa na habari, na Ge hakuwa na wa kumtuma ampe habari. Waliongea kuhusu viboko vya mwalimu na kuhusu bei ya mawe ya mihuri. Qiu alipoeleza kilichomleta, Ge aliomba aletewe brashi, akajaribu kwa mkono wa kushoto kwenye karatasi ya kufungia vitumbua. Walichokitazama wote wawili kilifanana na kaa aliyekanyagwa. Ge akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, "Nani mwingine uliye naye?"

Qiu alihesabu kwa uaminifu, kama anavyohesabu herufi. Mwenye nyumba wake, ambaye hakujua kusoma. Tong, mpiga picha wa kadi, ambaye kwa miaka kumi na moja alisalimiana naye kwa kichwa tu. Mwanawe, aliyekuwa mwendo wa siku nyingi baharini. Alitafuta jina la nne, hakulipata.

"Nitaona," akajibu.

Alhamisi asubuhi Bi Ruan alishuka chini ya ngazi bila kupiga hodi. Habari za jino zilikuwa zimemfikia kupitia Tong, ambaye kumbe alikuwa akiongea sana, ila si na Qiu.

"Mwalimu Qiu, miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu unakaa na jambo hili kama una jipu. Kwa nini hukuniambia? Ningemwita Mei. Ningemwita Lan. Mimi nilipenda tu ule mwanzi ulio juu ya herufi."

"Ili nikuambie, ingenibidi niseme."

Ruan akavuta kigoda. Alitaka kujua kama kweli hakuna namna, na Qiu, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuficha, akamweleza habari ya kujazwa jina na ya mkono wa Ge. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya meza, akaugeuzageuza.

"Huu hauna kiharusi," alisema.

Qiu alimwambia kwamba mjazaji huwa mtu wa makamo, mwenye heshima zake, rafiki wa nyumba. Tena anayejua brashi.

"Heshima nitaitafuta. Brashi utanifundisha. Na urafiki wa nyumba, Mwalimu, kwani wapo wanaoushindania?"

Lilikuwa neno la ukali, na alijua, maana aliona haya papo hapo. Qiu hakukasirika. Alikuwa ameshahesabu.

Wakaanza alasiri ile. Qiu aliandika kadi upya, moja baada ya nyingine, na katika kila moja akaacha mraba mtupu wenye ukubwa wa kiganja. Ruan alijifunza kwenye magazeti ya zamani. Tatizo likawa kwamba mwalimu hakuweza kumwonyesha mwanafunzi herufi yenyewe. Alimfundisha vipandevipande: mwanzi wa juu kutoka kwenye herufi ya kalamu, udongo wa kushoto kutoka kwenye herufi ya ukuta, kilichobaki kutoka kwenye neno lingine kabisa. Kuviunganisha ilikuwa juu yake. Ruan alishika brashi kama mtu aliyeshika mjusi kwa mkia. Qiu alimsahihisha kiwiko, akamsahihisha pumzi, akamwambia rangi inajibu bega na si vidole. Hayo yote yalikuwa maneno ya baba yake, na ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia yakitoka kinywani mwake, kwa kuwa mwanawe hakuwahi kuyataka.

Ruan alipokuwa akijaza, Qiu aligeukia ukutani na kukoroga rangi iliyokuwa imeshakorogeka.

Siku ya Ijumaa waliongea zaidi ya alivyokuwa ameongea kiangazi chote. Msichana alimsimulia habari za mama yake aliyekuwa akitaka kumwoza kwa mwenye duka la viatu. Aliuliza kama ni kweli mjazaji huandikwa mwishoni. Alipoambiwa ni kweli akacheka sana, kwani alikuwa ameandika maneno ya picha tisa na kampuni haikuwahi kuweka jina lake popote. Lakini Jumamosi, walipomaliza ile ya thelathini na nane, alichukua brashi nyembamba na pembezoni mwa kadi ya mwisho akaandika: Ruan Suwen amejaza jina.

Herufi zake Ruan zilisimama wima na ngumu, kama watoto waliopangwa mstari wapigwe picha. Kati ya maandishi ya Qiu zilionekana mara moja. Fei alizipitia zote ofisini, akanyanyua ya mwisho, akasoma yale maneno madogo, akauliza ni nini. Qiu akasema ni desturi. Fei akairudisha juu ya lundo.

"Zipigwe picha hivyo hivyo," alisema. Halafu, akitazama dirishani, akaeleza lililobaki. Bwana Mao na wenzake walikuwa wameomba kwamba kuanzia picha ijayo kadi zichapwe kiwandani. Zinasomeka upesi, na hazina mambo. Kukiwa na mabango ya kuandika, Mwalimu Qiu ataitwa.

Qiu akashukuru kwa ile chai ya Jumatatu, akatoka.

Siku ya sikukuu, maonyesho ya alasiri, Jumba la Mbalamwezi lilijaa mpaka kwenye ngazi. Qiu alipata kiti cha katikati. Kulia kwake alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, peke yake, mwenye vidole vyeupe vilivyonyauka vya watu wanaovua nyuzi za hariri kutoka kwenye maji ya moto. Alikuwa na mfuko wa mbegu za tikiti na alizibangua kwa kasi bila kuangalia.

Taa zikazimwa. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti zikapanda, maji yakachemka. Ya nne ikaja, na ukumbi wote ukamwita baba yake.

Hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria mikono, hakufikiria vinywa. Watu mia sita, wazee, wake za watu, watoto waliobebwa, walilitamka jina ambalo tangu afe nyanya yake hakuna aliyelitumia, tena kwa urahisi, kama mtu anayeitwa uani aje kula. Wengine walilirudia kwa majirani viziwi. Katika jumba zima kulikuwa na kinywa kimoja tu kilichofungwa. Na kwa kuogopa kisije kikateleza, Qiu alikifunga kwa kadi zote, hata zile zisizokuwa na jina. Midomo yake, iliyozoea kucheza na kila neno, ilitulia.

Kwenye kadi ya kumi na sita yule mwanamke alimwinamia.

"Mjomba, hujui kusoma?"

Kwenye pazia, binti wa mtengeneza miavuli alikuwa akikimbia mvuani. Ilikuwa picha ya mwisho yenye mwandiko wa Qiu. Zilibaki kadi tisini na sita.

"Sijui," akasema Qiu.

"Usione haya. Mimi nimejua juzi tu, darasa la jioni la kiwandani. Sogea."

Akasogea. Mwanamke akaanza kumsomea sikioni, pumzi yake ikinuka mbegu. Alisoma neno kwa neno, kwa kidole kilichoelekezwa gizani, na karibu kila kadi ilimtoroka kabla hajafika mwisho. Hapo alibuni. Barua ya mchumba aliimalizia kwa maneno yake mwenyewe, mazuri kidogo kuliko ya Bi Ruan. Qiu alisikiliza na kupima. Miaka kumi na moja alidhani amempa muda msomaji mzito kuliko wote. Kumbe hakuwahi kukaa karibu naye. Kila kadi ilihitaji pumzi mbili zaidi. Ni jambo ambalo lingefaa kujulikana mapema.

Kadi ya mwisho ilikaa kidogo, na mwanamke akayaona hata yale maneno ya pembezoni. Akayasoma. Akajiuliza kwa sauti huyo Ruan Suwen ni nani na kajaza nini, akaamua kwamba ni mambo ya wenye kampuni.

Taa zikawaka. Watu wakasimama wakitafuta viatu na watoto. Mwanamke alikung'uta maganda kutoka mapajani, akamtazama Qiu kwa fahari ya mtu aliyemaliza kazi, kisha akamhoji kama walivyokuwa wakimhoji yeye darasani.

"Umeshika? Yule msichana anaitwa nani?"

Qiu akatazama pazia jeupe.

"Limenitoka," akasema. "Niambie tena wewe."

Akamwambia tena, polepole, mara mbili, karibu na sikio.